Ukuta wa Mwimbi, Foronya za Sumbawanga

Sumbawanga mjini,
9 Machi 1957

Cornelia shoga yangu,

Usishangae kupata barua nyingine kabla hujajibu ile ya Krismasi. Nisipoandika nitafumua tena, na mama ameapa kwamba nikifumua mara nyingine ataninyang'anya sindano.

Habari yenyewe labda umeshaisikia. Nimeposwa. Ni Yunusu, yule mwenye lori la kijani linalokuja huko kwenu kununua ulezi na maharage. Baba amepokea posa ila hajatoa neno la mwisho. Anasema atalitoa Ramadhani ikiisha, na ataniuliza mimi kwanza. Ndivyo baba alivyo, anakuuliza, halafu anakutazama mpaka useme anachotaka yeye.

Mama na shangazi Ashura hawangoji neno. Foronya, shuka, pazia la kitanda, vitambaa vya meza, vyote vidariziwe na mikono yangu, maana wanawake wa upande wa pili watakuja kuvikagua. Nikakaa nikaanza waridi, lile lile la darasa la ushonaji, ambalo mama Mzungu alitupa katika karatasi akasema tufuate mstari. Nimelidarizi nikalifumua. Nimelidarizi tena, nikalifumua tena. Kitambaa sasa kina matundu kama chekeche. Mama ananiambia, "Ua ni ua, Kulsumu. Nani atalala akilitazama?" Nashindwa kumweleza. Sijapata kuliona waridi hata siku moja maishani mwangu. Nitalazaje kichwa changu juu ya kitu nisichokijua?

Wewe una nyumba yako. Ulinieleza kabla ya Krismasi kwamba mnaikandika. Umechora nini ukutani? Nichoree katika karatasi, hata ikiwa ovyo ovyo. Mikono yangu inawasha, na macho yangu hayaoni kitu ila ua wetu na kamba ya kuanikia nguo.

Barua hii inakuja na lori la huyo huyo Yunusu, kwa matope haya hakuna njia nyingine. Nimeifunga kwa gundi ya unga, nikaipaka tena juu. Ukikuta imefunguliwa, niambie.

Wako,
Kulsumu binti Mwinjuma


Mwimbi,
21 Machi 1957

Ndugu yangu Kulsumu,

Barua haikufunguliwa. Ilikuwa imelowa pembeni tu. Iliachwa dukani na katekista akaniletea.

Nikupe hongera au nisikupe? Umeandika karatasi nzima na hukusema.

Kuhusu ukuta, nami nilikwama kama wewe. Zenon alipomaliza kuezeka, nilikandika ndani kwa ule udongo mweupe tunaouchimba mtoni, ulio laini kama uji. Ukakauka, nikabaki nautazama. Nikachora msalaba, nikaona wa kanisani unatosha. Nikachora ua la mama Mzungu, nikacheka peke yangu nikalifuta kwa kitambaa kibichi.

Basi siku moja nikapanda kilima cha nyuma kutafuta kuni. Nikageuka kupumzika, na chini yangu nikaliona shamba la mama mkwe wangu, mama Hilaria. Unajua Wafipa tunavyolima, nyasi tunazifukia ndani ya matuta ya duara, ntumba. Tangu utotoni nimeyainamia matuta hayo na jembe mkononi, lakini sikuwahi kuyatazama kutoka juu. Yamekaa duara kwa duara, safu kwa safu, kila moja na kivuli chake upande mmoja. Nilishuka mbio. Kuni niliziacha huko huko.

Nimeyachora kwa udongo mwekundu, kivuli nimekitia kwa masizi ya chungu niliyoyakoroga na maji ya mlenda ili yashike. Nimejaza ukuta mzima wa chumba cha mbele. Mama Hilaria aliingia, akasimama, akasema, "Unalima mpaka ndani?" Mpaka leo sijui kama alikuwa anasifu.

Nimekuchorea hapa chini. Pembeni nimekuwekea kichwa cha ulezi, kilivyo kama mkono unaokunja vidole. Usihangaike kutafuta kitu kizuri. Chukua unachokiona kila siku, halafu usimame mahali ambapo hujawahi kusimama ukitazame tena. Mimi sina ujuzi mwingine zaidi ya huo.

Zenon hajambo, anakusalimu.

Wako,
Cornelia


Sumbawanga mjini,
6 Aprili 1957

Cornelia,

Tumefunga, mdomo mkavu, lakini mikono imepona.

Nilisoma barua yako nikajiuliza, mimi nasimama wapi ambapo sijawahi kusimama? Siruhusiwi kutoka. Nikaingia stoo ya baba, nikapanda juu ya magunia ya chumvi mpaka kwenye kile kidirisha cha juu, nikatazama barabara. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na malori yalikuwa yamepita. Cornelia, alama za matairi. Mishale inayofuatana, mishale inayofuatana, halafu mahali lori lilipokata kona mishale yote inapinda kama samaki. Nilikaa juu ya magunia mpaka shangazi Ashura alipoanza kuniita nyumba nzima.

Nimedarizi foronya. Katikati nimeweka ntumba zako, nyekundu zenye kivuli cheusi, na kuzunguka ukingo nimepitisha matairi kwa uzi wa kahawia. Sijafumua hata mshono mmoja.

Sasa sikia yaliyotokea. Wanawake wa kina Yunusu walikuja. Mama aliwatandikia vile vya waridi, lakini mmoja wao akavuta foronya yangu kutoka chini. Wakaishika, wakaigeuza. Mmoja akasema, "Hivi ni vichuguu vya mchwa?" Mwingine akamwuliza mama, kwa upole kabisa, kama huwa napatwa na homa. Mama aliinama kama amemwagiwa maji. Walipoondoka tukakuta foronya haipo, wameichukua, nadhani wakaonyeshane huko kwao wacheke vizuri.

Sijali kucheka kwao. Ninachokuuliza ni kingine, na unijibu ukweli. Naogopa. Siogopi Yunusu, simjui kiasi cha kumwogopa. Naogopa kukaa, siku zote, mahali pamoja, na watu wale wale wakigeuza kazi yangu mikononi. Wewe darasani ulikuwa hukai kitini, mama Mzungu alikuita upepo. Na sasa una ukuta wako na barua zako zimetulia. Je, mtu anatulia akiolewa? Zenon anasemaje akiutazama huo ukuta? Baba ataniuliza karibu na Idi, na mimi nitamjibu kwa neno lako.

Kulsumu


Mwimbi,
Ijumaa Kuu, 19 Aprili 1957

Kulsumu ndugu yangu,

Nimeufurahia huo mchoro wa matairi. Ningekuwa karibu ningekuibia.

Leo hatufanyi kazi, lakini nimepaka jikoni. Nimechukua madoa ya kanga, yule ndege, si nguo. Ukichovya ncha ya bua katika chokaa na kugonga gonga juu ya ukuta mweusi yanatoka sawasawa. Chumba cha mbele nimezifuta zile ntumba na kuanza upya, safari hii ndogo ndogo. Mlango nao nimeuzungushia ukanda wa vichwa vya ulezi. Na sakafu nimeisiriba upya kwa samadi, nikaichora kwa vidole kabla haijakauka. Sasa natafuta cha kufanya nje, ila mvua haijaniruhusu.

Umeniuliza Zenon anasemaje. Hasemi mengi. Anapoingia, husimama kwanza mlangoni anatazama, halafu ndipo anavua viatu. Wakati mwingine hunyoosha mkono akagusa duara moja, kama mtu anayeangalia kama mkate umeiva.

Ndiyo, mtu anatulia.

Heri ya Pasaka kwangu, na mfungo mwema kwako.

Cornelia


Sumbawanga mjini,
27 Aprili 1957

Cornelia wangu,

Nimekubali.

Baba aliniita baada ya kufuturu, mama na shangazi Ashura wakiwa pembeni, na ndugu wawili wa upande wa Yunusu wamekaa barazani wanangoja. Akaniuliza kama alivyoahidi, akanitazama kama nilivyokuambia. Na mimi, badala ya kumtazama yeye, nikamwona Zenon wako amesimama mlangoni, viatu bado miguuni, anatazama kazi ya mkewe. Nikasema ndiyo, nimeridhia. Shangazi alinisifu kwamba nimesema kama mtu mzima.

Nikah itakuwa mwezi wa Mfunguo Pili, barabara zikikauka, ili ndugu wa Mpanda wafike.

Sasa nalala vizuri. Siyo kila siku, lakini nalala. Nikishtuka najiambia kwamba Cornelia naye alikuwa upepo, na ametulia. Nimeshaanza pazia la kitanda, nataka kuweka yale madoa ya kanga.

Mshike mkono Zenon kwa niaba yangu. Mwambie amenisaidia na hajui.

Kulsumu


Mwimbi,
5 Mei 1957

Kulsumu,

Kaa chini usome.

Zenon hajawahi kuuona huo ukuta. Alimaliza kuezeka mwezi wa kumi, na kabla udongo haujakauka akaondoka na wenzake kwenda Luanshya, kwenye migodi ya shaba. Alisema anakwenda kutafuta bati, tubandue nyasi. Tangu hapo sijapata salamu wala neno. Nilikuwa nikikuandikia anakusalimu, na mimi mwenyewe hajanisalimu.

Nimepaka kwa sababu siwezi kukaa. Nikikaa nasikiliza njia. Basi nakoroga udongo. Nikimaliza ukuta naona umekwisha na mtu hajaja, naufuta, naanza tena. Wewe ulifumua kwa sababu ulitafuta kitu. Mimi nilifuta ili kazi isiishe.

Baada ya Pasaka amerudi Wilibrodi, mmoja wa wale aliofuatana nao. Nilimkuta uani kwa mama Hilaria, amekaa, chakula kiko mbele yake hajakigusa. Mama Hilaria akamwambia, "Mwambie na yeye. Mimi siwezi." Wilibrodi akaniambia akiwa anatazama kikombe. Zenon anaishi na mwanamke kule. Wana mtoto, anatembea. Maana yake alikuwa naye tangu safari yake ya kwanza ya migodini, kabla hajanivisha pete mbele ya padre. Nikamwuliza, "Anasema atarudi?" Akasema, "Hazungumzi habari za huku, dada."

Nilipokuandikia kwamba anasimama mlangoni, nilikuwa sijayajua hayo. Lakini nilijua kwamba hasimami. Nilitaka awe amesimama mahali, hata kama ni katika barua. Sikufikiri kwamba wewe ungeingia na kukaa humo.

Sasa jambo la pili, na hili si la kutunga. Yunusu alikuja hapa kwangu. Duka limefungwa, mwenyewe anaumwa, kwa hiyo akauliza njia akaileta barua kwa mkono wake. Ilikuwa imefungwa kama ulivyoifunga. Aliomba maji. Nilipotoka na kata nikamkuta amesogea mlangoni anatazama ndani, akasema, "Haya ndiyo yale." Nikamwuliza yapi. Akanipeleka kwenye lori. Foronya yako iko kwenye kiti chake, imefunikwa gazeti isishike mafuta. Shangazi zake walimletea wakimcheka, naye akawaambia waiache hapo. Aliniuliza nafanyaje ule wekundu usitoke mkononi. Nilimweleza habari za mlenda, akasikiliza mpaka mwisho.

Na hili pia nililiona. Mzee mpakiaji wake alichana gunia kwenye mwiba wa ua, ulezi ukamwagika. Yunusu alimfokea mbele yetu sote, mzee wa kuamkiwa shikamoo na yeye. Mzee akapiga magoti akazoa. Yunusu hakumwambia neno jingine, wakaondoka.

Sikuambii kwamba ni mwema, wala sikuambii ni mbaya. Nimekuandikia nilichokiona kwa macho yangu. Tafadhali usimjibu baba yako tena kwa neno langu.

Cornelia


Sumbawanga mjini,
12 Mei 1957

Cornelia,

Barua yako nimeiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikairudisha.

Nilisema ndiyo mbele ya baba kwa sababu ya mtu aliyesimama mlangoni, kumbe mlango ulikuwa mtupu. Unajua wamekwisha kuchinja mbuzi? Unajua mama ameshatuma watu Mpanda?

Lakini si hilo linaloniumiza zaidi. Tangu Krismasi nakuandikia habari za uzi na sindano na foronya, nalia kwako kama mtoto kwa sababu ya ua la karatasi, na wewe ulikuwa peke yako unasikiliza njia. Hukuniambia. Ningekuja. Ningemwambia baba naumwa, ningepanda lori lolote. Ulinifanya nicheze mlangoni kwa mtu aliyefiwa.

Usiniandikie kwa sasa. Nikiweza nitaandika mimi.

Kulsumu


Sumbawanga mjini,
2 Juni 1957

Cornelia,

Umenyamaza kama nilivyokuambia. Kila lori lilipoingia nilitoka kutazama, halafu nakumbuka ni mimi niliyekukataza. Nimechoka na hasira, inakula muda.

Sikia nilichofanya. Nilimwambia baba nataka kuzungumza na Yunusu kabla ya nikah. Mama alisema haijawahi kutokea. Baba akafikiri, akasema kama haijawahi kutokea basi hakuna aliyeikataza. Tukakaa dukani kwa baba mchana mlango wazi, shangazi Ashura katikati yetu juu ya gunia la sukari, amefumba macho kana kwamba amelala.

Nikamwuliza, "Yule mzee uliyemfokea Mwimbi, ulimwambia nini baadaye?"

Alishtuka. Nadhani alikuja amejiandaa kwa maswali ya nyumba na nguo. Akasema, "Sikumwambia kitu."

"Kwa nini?"

Alimtazama shangazi, aliyekuwa amefumbua jicho moja. Kisha akasema, "Niliona aibu. Na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi."

Nikamwambia kwamba nataka kudarizi kwa kuuza, siyo kwa kujaza sanduku la arusi tu. Nikamwambia nataka kukaa barazani kwake na kitambaa changu, watu wapite waone. Hakusema sawa. Alisema, "Sijui. Mama yangu hatapenda. Nipe nafasi niseme naye." Nilipenda kwamba hakusema sawa.

Amerudisha jibu kwa shangazi. Mama yake amekataa baraza, amekataa kabisa. Lakini nyuma ya nyumba kuna chumba walichokuwa wakiwekea matairi, chenye mlango wa kutokea uchochoroni. Ameshakitoa matairi. Na amesema, hili nalo shangazi alilisema kana kwamba halina maana, kwamba alikwenda nyumbani kwa yule mzee. Mzee hakumkaribisha ndani. Walizungumza wamesimama.

Nimefikiri, safari hii bila ukuta wa mtu mwingine. Bado naogopa. Nimesema ndiyo mara ya pili, na hii ni yangu mwenyewe.

Sasa wewe. Mke wa karani wa hospitali aliiona kazi yangu, anataka vitambaa vya meza vyenye ntumba, na rafiki yake anataka pazia. Mimi naweza kudarizi kitu nikishakiona, lakini wewe ndiye unayeona. Chumba kile ni kikubwa kwa mtu mmoja. Kuta zake zina mafuta ya lori mpaka juu, hakuna anayejua zifanywe nini. Njoo.

Kulsumu


Mwimbi,
15 Juni 1957

Kulsumu,

Upepo wa kipupwe umeanza, ulezi tumeukata, na mimi nimefunga mzigo.

Nilikwenda kwa padre kwanza. Akanikumbusha kwamba mimi bado ni mke wa ndoa. Nikamwambia najua, Baba, lakini mke wa ndoa naye anakula kwa mikono yake. Hakunikatalia. Ameniandikia barua kwa padre wa huko mjini.

Kwa mama Hilaria ilikuwa vigumu. Nilimkuta anapepeta. Nikamwambia naondoka. Akasema, "Mke hahami nyumba yake. Mwanangu akirudi atamkuta nani?" Nikamwambia, "Mama, mwanao akirudi atakukuta wewe." Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa mtupu, na bado akaendelea. Halafu akauweka chini akasema, "Nenda kabla sijapata neno la kukuzuia."

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake akaja kwangu na mkeka wake kichwani. Nyumba yake inavuja, anahamia hii. Alizunguka vyumba vyote akigusa kuta. Mwisho akasimama kwenye ule wa nyuma ambao sikuwahi kuuchora, akaniuliza, "Huo wekundu unaukorogaje?" Nikamwonyesha. Akachovya kidole, akavuta mstari, ukaenda upande kama ng'ombe aliyekata kamba. Tukatazamana. Alicheka yeye kwanza. Tulicheka mpaka tukakaa chini sakafuni, halafu akalia, na mimi nikamshika. Alimlilia mwanawe. Mimi sikulia, nilikuwa nimekwisha kulia kwa udongo.

Asubuhi hii nimemwacha anachora. Sikuuliza anachora nini, na sikufuta kitu.

Nakwenda kwa miguu na mke wa Wilibrodi mpaka Msanzi nikamsalimu mama, halafu nitatafuta gari. Likiwa la Yunusu nitapanda, na likiwa jingine nitapanda. Nitawahi arusi yako, lakini usinihesabu na wageni. Nipe sufuria la kukoroga.

Kitu kimoja nikuambie mapema. Sijatulia, Kulsumu. Sijui kama nitatulia mjini, na safari hii sitakuandikia kwamba nimetulia. Nitafuta na kuchora, nitakuudhi, utatamani umwite mama Mzungu anirudishe kitini.

Usijibu barua hii, haitanikuta. Acha mlango wa uchochoroni bila komeo.

Cornelia